Mbali kama Jinja, lakini kwenda juu

Swali: "Mimi ni mwalimu wa jiografia hapa Gulu. Wanafunzi wangu wa S.4 walikuta kwenye simu picha za setilaiti zinazoonyesha mawingu ya buluu juu ya ncha za dunia, na maelezo kwamba mwaka mmoja yanajaa, mwaka mwingine yanapungua. Mmoja akauliza kama huo si ushahidi kwamba tabianchi inabadilika. Mwingine akaapa kwamba ameyaona jioni akitoka kuchota maji. Niliwaambia wasubiri. Mawingu haya ni nini, kwa nini hayafanani mwaka hadi mwaka, na sisi wa ikweta yanatuhusu nini?"

Mwalimu, hongera kwa kuwaambia wasubiri. Swali la yule wa kwanza lina mtego ndani yake, kwa hiyo nitajibu kirefu. La yule wa pili nitalijibu mwisho.

Tuanze na barabara. Waambie wanafunzi waichukue barabara ya Kampala kwenda Jinja, kilomita 80 hivi, waisimamishe wima. Mawingu yanayotunyeshea, hata yale majitu ya Ziwa Victoria yanayopiga radi usiku kucha, hufika kilomita 16 au 17 juu, yaani hayajafika Mukono. Ozoni iliyo nyingi iko Mukono na kupita kidogo. Ukiendelea kupanda, safari ndefu haina wingu lolote, na ukifika Jinja yenyewe, kilomita 83 juu, unakuta pazia jembamba la barafu. Hayo ndiyo mawingu ya kwenye simu, mawingu ya mesosfia, yaani tabaka la hewa lililo juu ya lile lenye ozoni. Setilaiti ya AIM iliyoyapiga picha ilizunguka kilomita 600 juu: ulishavuka Malaba kitambo na sasa unakaribia Nairobi.

Kuna mawingu mengine ya nchani, ya stratosfia (lile tabaka lenye ozoni), yanayotokea majira ya baridi na kusaidia kuharibu ozoni. Hayo ni ya Mukono, msiyachanganye na haya.

Haya ya Jinja ni ya majira ya joto, na hapo ndipo darasa litakapobisha. Juu ya ncha ya kaskazini huanza mwezi Mei na kuisha Agosti. Kusini ni kuanzia Novemba au Desemba hadi Februari. Jua wakati huo halitui nchani kwa wiki nyingi, na bado, kilomita 80 na kitu juu yake, ndipo penye baridi kuliko mahali pengine popote katika hewa ya dunia: digrii 120 hadi 140 za Selsiasi chini ya sifuri. Sababu ni mwendo wa hewa. Muulize mwendesha boda yeyote. Ukibonyeza vali ya tairi, upepo unaotoka ni wa baridi, kwa kuwa hewa iliyobanwa inapanuka. Juu ya ncha yenye majira ya joto hewa hupandishwa, ikapanuka, ikapoa. Kinachoipandisha ni mawimbi ya hewa yanayozaliwa huku chini, upepo unapogonga milima au ngurumo zinapochemka. Yanapanda, yanakua kadiri hewa inavyokuwa nyepesi, kisha yanavunjika kule juu kama mawimbi ya ziwa ufukweni, na kwa kuvunjika yanaisukuma hewa. Yashikeni mawimbi haya, nitayarudia.

Maji kule ni molekuli chache tu katika kila milioni. Kwa baridi hiyo hata hayo huganda, ila yanahitaji kitu cha kushikia, nacho ni vumbi laini la vimondo vinavyoungua angani kila siku. Chombo cha SOFIE, kimoja kati ya vyombo vya AIM, kilitazama jua likichomoza na kuzama kupitia hewa hiyo, mara 15 hivi kwa kila upande kila siku, na kikaonyesha kwamba chembe za barafu zina moshi wa vimondo ndani yake.

Sasa, setilaiti inayaonaje? Ukitazama kutoka juu kwa mwanga wa kawaida, pazia hilo hupotea mbele ya weupe wa theluji na mawingu ya chini. Ujanja ni kutumia miale ya urujuanimno, ya nanomita 265 hivi, ambayo jicho haliioni. Ozoni ya Mukono hunyonya miale hiyo, kwa hiyo dunia yote iliyo chini huonekana nyeusi kama ubao, na barafu ya juu hung'aa kama chaki. (Buluu waliyoiona wanafunzi wako imepakwa na kompyuta.) Kwa sababu hiyohiyo, vyombo vilivyotupa kumbukumbu ndefu kuliko vyote havikutengenezwa kwa ajili ya mawingu. Vilikuwa vya kupima ozoni, vikiitwa SBUV, kuanzia setilaiti ya Nimbus 7 iliyorushwa mwaka 1978 na kuendelea na setilaiti za NOAA, shirika la Marekani la bahari na hali ya hewa, moja baada ya nyingine. Watafiti walitambua kwamba mng'ao wa ziada kwenye vipimo vya karibu na ncha ulikuwa mawingu yetu. AIM ilifuata Aprili 2007, setilaiti ya kwanza iliyotengenezwa kwa ajili ya mawingu haya peke yake, ikafanya kazi hadi betri ilipoishinda na shughuli zake zikasimamishwa mwaka 2023. Iliongozwa na Hampton University ya Virginia, chuo kilichoanzishwa 1868 kuwasomesha Wamarekani weusi waliotoka utumwani. Hilo lisemeni kwa sauti darasani, halipo kwenye mtihani lakini lina uzito wake.

Hivyo tuna kumbukumbu ya zaidi ya miaka 40, na ukiichora kwenye karatasi inapanda na kushuka kama njia ya Kabale.

Wengi wakiona hivyo hukimbilia jua. Jua lina mzunguko wa miaka 11 hivi. Linapokuwa na madoa mengi hutoa urujuanimno mkali zaidi, nao hupasua molekuli za maji kule juu na kupasha hewa joto. Maji yakipungua na joto likizidi, barafu hupungua. Katika vipimo vya SBUV vya miaka ya 1980 na 1990 hilo lilionekana wazi: jua likipamba moto, mawingu hufifia, jua likitulia, hurudi. Ilikuwa hadithi nzuri, nami mwenyewe niliifundisha hivyo. Kisha, kuanzia miaka ya mwanzo ya 2000, uhusiano huo ulilegea. Jua lilifika kilele tena mwaka 2014, kilele dhaifu, na mawingu hayakupungua kama ilivyotarajiwa. Kwa hiyo anayekuambia leo kwamba kupanda na kushuka huku "ni jua tu" amesoma kitabu cha zamani.

Ninachokipenda mimi ni upepo, na hasa upepo wa upande wa pili wa dunia. Tazama tarehe ya kuanza kwa msimu. Kaskazini mawingu huanza karibu siku zilezile kila mwaka. Kusini, mwaka mmoja yanaanza katikati ya Novemba, mwaka mwingine Desemba imeshaingia na bado kweupe. Kinachoamua ni duara la upepo mkali linalozunguka Antaktika katika stratosfia wakati wa majira ya baridi. Likivunjika mapema, upepo hugeuka, na yale mawimbi niliyowaomba myashike hupata njia ya kupanda hadi Jinja na kuanza kazi ya kupoza. Likichelewa kuvunjika, mawimbi yanayohitajika huzuiwa njiani na baridi haiji. Mwaka 2010 duara hilo lilidumu muda mrefu, na msimu wa mawingu ukachelewa. Na kwa kuwa tundu la ozoni hufanya stratosfia ya kusini ibaki baridi na duara lidumu, jambo lililotokea Mukono huamua kitakachoonekana Jinja wiki kadhaa baadaye.

Kuna ajabu kuliko hiyo. Mwezi Julai mwaka 2002, watafiti waliorusha roketi kutoka Andøya, kaskazini mwa Norway, waliikuta mesosfia ya juu yao ina joto kuliko kawaida na imevurugika. Chanzo hakikuwa Norway. Kusini, juu ya Antaktika, majira ya baridi ya mwaka huo yalikuwa na mawimbi makubwa yasiyo ya kawaida, hadi Septemba duara la upepo likapasuka na tundu la ozoni likagawanyika vipande viwili. Mnyororo wake ni huu: mawimbi makubwa hupasha joto stratosfia ya ncha yenye baridi, mzunguko wa hewa ukibadilika huko, mesosfia ya ikweta nayo hupata joto kidogo, upepo kati ya ikweta na ncha ya pili hugeuka kidogo, mawimbi madogo huanza kuvunjika mahali pengine, na baada ya siku kadhaa ncha yenye majira ya joto hupungukiwa baridi, na barafu yake pia. Ujumbe hutoka ncha moja kwenda nyingine, na katikati ya safari yake hupita juu ya vichwa vyetu, Gulu na Kampala, bila jani hata moja kutikisika.

Yanatuhusu nini? Hilo ni jibu moja. La pili ni maji.

Mvuke wa maji hauwezi kupanda popote unapotaka kuingia stratosfia. Lango liko huku kwetu, katika ukanda wa ikweta, ambako hewa hupanda polepole kupita safu ya kilomita 17 hivi yenye baridi ya digrii 80 chini ya sifuri. Hapo karibu maji yote huganda na kubaki nyuma. Methani, ile gesi ya vinamasi, ng'ombe na majalala, haigandi kwa baridi hiyo. Inapita langoni kama abiria asiye na mzigo, na ikifika juu inaungua polepole, kila molekuli ikiacha karibu molekuli mbili za maji. Kabla ya enzi ya viwanda hewa ilikuwa na methani kama 0.7 kwa milioni; leo inakaribia 2. Hesabu za kompyuta za watafiti wa Ujerumani, zilizochapishwa mwaka 2018, zilionyesha kwamba tangu mwisho wa karne ya 19 maji kwenye kimo cha mawingu haya yameongezeka kwa asilimia 40 hivi, na sababu kubwa ni methani. Mawingu yanayong'aa kiasi cha kuonwa na mtu aliye chini, ambayo zamani mtu angeweza kuishi miaka mingi bila kuyaona, sasa huonekana mara kadhaa kila msimu.

Hapo Gulu mnaweza kuanza somo hili na mto. Mnakumbuka Ziwa Victoria lilivyofurika mwaka 2020, hadi kipimo cha Jinja kikasoma mita 13.42? Maji yale yalishuka na Nile, yakapita kwenu upande wa magharibi, yakaingia Sudani Kusini na kutanua kinamasi cha Sudd. Setilaiti za kupima methani zimeona Sudd ikitoa gesi zaidi kila inapotanuka. Sisemi Sudd ndiyo inayotengeneza mawingu ya nchani. Methani ya dunia nzima huchanganyika, na safari yake ya kwenda juu huchukua miaka. Nasema tu kwamba baadhi ya maji yaliyoganda juu ya Norway yalianza kama gesi iliyotoka matopeni kwenye mafunjo.

Maji mengine hayapiti langoni, yanavunja paa. Mawingu haya yaliandikwa kwa mara ya kwanza mwaka 1885, miaka miwili baada ya volkano ya Krakatoa kulipuka, na huenda mvuke wa mlipuko ule ndio uliowawezesha watu kuyaona. Mjerumani Otto Jesse aliyapiga picha kutoka sehemu mbalimbali, akakokotoa kimo chake: kilomita 82. Setilaiti zetu zenye gharama kubwa zinasema 83. Volkano ya Hunga Tonga ya Januari 2022 nayo ilirusha stratosfiani tani za maji zipatazo milioni 150, sawa na sehemu moja ya kumi ya maji yote yaliyokuwemo. Hata roketi huchangia. Moshi wa injini kuu za chombo cha anga cha Marekani, Columbia, kilichorushwa Januari 2003 ulikuwa karibu wote mvuke, na ulifika Antaktika kwa siku chache tu na kuongeza mawingu huko.

Sasa mtego nilioutaja. Fikiria mtu anahesabu wateja wa soko la Owino. Mwaka wa kwanza anahesabu saa nne asubuhi. Mwaka wa pili saa tano. Mwaka wa kumi anahesabu saa tisa mchana, kisha anaandika ripoti kwamba biashara imebadilika. Setilaiti nyingi za NOAA zilikuwa na ugonjwa huo. Njia zake zilisogea taratibu, kwa hiyo saa ya kupita juu ya mahali palepale ilibadilika mwaka hadi mwaka. Na mawingu ya mesosfia yana asubuhi na alasiri yake: mawimbi ya kila siku yanayoendeshwa na jua huyafanya yawe mengi saa fulani na machache saa nyingine. Usiposahihisha saa, unaweza kupata ongezeko ambalo halipo, au kulikosa lililopo. Hata AIM njia yake ilijizungusha polepole, na pembe ya jua na kamera ikabadilika, ikabidi namna ya kupiga picha ibadilishwe pia. Mtu anapokuletea mchoro wa miaka 40, swali la kwanza si "mstari unapanda?" bali "walisahihisha saa vipi?" Nimehudhuria mikutano ambako swali hilo peke yake lilimaliza nusu ya majadiliano.

Basi yule mwanafunzi wa kwanza mwambie hivi. Tofauti kati ya mwaka jana na mwaka huu si ushahidi wa tabianchi kubadilika. Inaweza kuwa upepo wa ncha nyingine tu. Ila ukitoa mchango wa upepo, ukatoa wa jua, ukasahihisha saa, na ukatazama miongo badala ya miaka, kinachobaki kinapanda, na kwa sehemu kubwa ni methani yetu wanadamu. Kisha mpe fumbo hili. Barafu ya Rwenzori ilikuwa kilomita za mraba kama 6.5 mwaka 1906, na kufikia 2003 ilibaki kama moja. Gesi ya kabonidioksidi inayopasha joto hewa ya huku chini, kule mesosfiani hewa ilikokonda huipoza, kwa kuwa hutoa joto na kulitupa angani bila kitu cha kulirudisha. Barafu ya chini inayeyuka, na ya juu inapata maji zaidi na hewa inayozidi kupoa. Mwache alifikirie hilo hadi Jumatatu.

Yule wa kuchota maji, usimcheke. Aliona kitu, lakini si haya. Baridi ya mesosfia ya ikweta inapungukiwa makumi ya digrii ili barafu iweze kuwepo. Alichoona ni mawingu membamba ya kilomita 12 au 14, yaliyobaki kwenye jua baada ya ardhi kuingia kivulini. Wapimeni wenyewe. Huku kwetu jua huzama karibu wima, digrii 15 kwa saa. Wingu la kilomita 14 lililo juu ya kichwa hupoteza jua dakika 15 hivi baada ya machweo. La kilomita 83 lingebaki liking'aa zaidi ya nusu saa, nyota zikiwa zimeshaanza kutoka. Asimame palepale na saa mkononi, atazame wingu lake juu kabisa, si kwenye upeo wa magharibi, na aandike dakika lilipozimika.